Usukani Ndio Uliokuacha, Baba

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Na Mama naye shikamoo, ingawa najua hii barua atasomewa baadaye. Natumaini inawakuta wazima na kwamba mvua ya vuli imeikumbuka Handeni, maana ndugu yangu Amosi aliniambia mahindi ya kwanza yaliungua kabla ya kubeba. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyokutumia, Mama anasema unampaka mbuzi. Kama inamsaidia mbuzi, sawa, lakini niliinunua kwa ajili yako.

Mimi mwili ni mzima. Moyo nitakueleza.

Utajiuliza kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu, Baba, nikianza tu kugusa mambo ya zamani unasema "haya, haya, ongea na mama yako," na simu imeshahama mkono. Karatasi haitahama mkono. Nimeandika kwa herufi kubwa ili usisingizie macho. Anaileta Grace, mfanyakazi mwenzangu anayekwenda likizo kwao Muheza, na nimemwomba aiweke mkononi mwako wewe, si mwa Amosi. Isome ukiwa umekaa.

Huu mji ninaoishi huku Uingereza zamani ulikuwa mji wa kiwanda kimoja. Nilikuja bila kujua ni kiwanda gani. Wakala aliniandikia jina la mji na la nyumba ya kutunzia wazee, nikaja. Siku ya kwanza natoka stesheni na begi langu, nikaona juu ya ukuta jogoo wa chuma ameinua kifua. Yule yule, Baba. Yule aliyekuwa juu ya boneti ya gari lako, niliyekuwa nikimsugua kwa majivu kila Jumamosi pale kwetu mlimani Vugiri. Nilikaa juu ya begi mpaka watu wakaniuliza kama naumwa. Magari ya Jogoo yalitengenezwa hapa. Miaka yote niliyoishi hapa sikukuambia. Ningeanzia wapi?

Mzee ninayemhudumia zaidi anaitwa Leni. Alifanya kazi kiwandani humo tangu ujana hadi kilipofungwa. Miguu haimbebi tena, lakini mdomo bado unambeba vizuri sana. Kila asubuhi nikimlisha uji wake ananipa historia ya Jogoo kama mtu anayehesabu ukoo wa kichifu.

Anasema walianza ndugu wawili, wana wa mhunzi, wakiunda mikokoteni ya kubebea maziwa. Vita ikaja, serikali ikawapa kazi ya magari ya jeshi. Vita ikaisha, wakabaki na vyuma na mafundi na hakuna kazi. Ndipo mmoja akasema, tuwaundie wakulima gari lisiloogopa tope. Wakulima wa hapa walinunua, lakini nchi yenyewe ndogo na barabara zake za lami, hivyo haikuchukua muda soko likajaa. Utajiri uliwapata walipoanza kupeleka magari kwenye nchi ambazo tope lake haliishi. "Sisi tunaunda, meli zinabeba," Leni huniambia. "Afrika ndiyo iliyotulisha, Naomi." Huniambia hivyo kwa fahari, mimi namfuta kidevu.

Baadaye wajukuu wa wale ndugu waligombana, kampuni ikauzwa kwa wageni, nao wakaiuza kwa wageni wengine. Kiwanda sasa ni nyumba za kupanga za wenye uwezo, na sehemu moja tu imeachwa iwe makumbusho. Jina la Jogoo lingali hai. Limebandikwa kwenye magari ya kifahari yenye viti vya ngozi, ambayo ukiyapeleka milimani Bungu wakati wa masika, mwenye gari atalia kabla gari halijakwama.

Kiangazi kilichopita Leni aliomba nimpeleke uwanjani, kwenye mkutano wa wenye magari ya zamani ya Jogoo. Nilimsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu. Baba, sijawahi kuona watu wazima wakiongea na magari namna ile. Mmoja aliniambia gari lake halijawahi kumdanganya, tofauti na wake zake. Mama mmoja alisema analifunika blanketi wakati wa baridi. Mwingine alilalamika kwamba linakula mafuta, linatikisa meno na milango haifungi, halafu akaniambia nimtajie gari jingine ambalo mtu anaweza kulipenda hivyo. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amelibebesha mzigo. Yaling'aa kama masufuria mapya.

Nikakumbuka watu wa kwetu walivyokuwa wakiyasema magari hayo hayo. Yule meneja wa shamba la mkonge aliyekuuzia lako alisema, "Elia, hili halifi, litakuzika wewe." Kule Handeni wafanyabiashara wa mahindi walisema Jogoo ni kama mkwe mkorofi, unamlalamikia kila siku lakini siku ya tabu ndiye unayemwita. Yule Mmasai wa mnadani alinunua moja, akaliuza tena, akasema ni ng'ombe anayekunywa sana na hazai. Na wewe lako uliliita Shangazi, kwa sababu halina haraka na halikosi msiba. Ulibeba maiti wangapi wa mlima ule bila kudai kitu? Ulibeba akina mama wenye uchungu, mikungu ya ndizi, iliki, maaskofu. Watu walikuwa wakisema gari la Elia likipita kona ile ya juu ya korongo, hata mbuzi wanajua hakuna haja ya kukimbia.

Basi, mwisho wa mstari uwanjani nikaliona. La pua fupi, kijani kama jani la mkonge. Nilimwacha Leni pale nilipomsimamisha, nikaenda nikagusa mlango. Mwenye gari alikuwa bwana mmoja mpole, mwalimu mstaafu.

"Baba yangu alikuwa na gari kama hili," nikamwambia.

"La pua fupi? Hili hili?"

"Hili hili. Tanzania, milimani."

Alifurahi kama amekutana na ndugu. Akafungua boneti, akanionyesha kila kitu, nami nikawa nataja majina kwa Kiswahili, tukacheka. Kisha akainama, akagusa kile chuma kinachounganisha usukani na magurudumu, ambacho wewe ulikuwa ukikiita mkono wa stelingi.

"Bila shaka baba yako naye alibadilisha huu," akasema.

"Kwa nini abadilishe?"

"Ya mwanzo ilikuwa inakatika. Walitumia chuma kibaya kwenye toleo hili. Unakata kona, unasikia mlio kama ukuni mkavu umevunjwa, basi, usukani unazunguka bure mkononi. Kiwanda kiliyaita magari yote yarudi, yakawekewa mingine bila malipo. Kwenu hawakufanya hivyo?"

Aliuliza kwa wema, Baba. Hakujua anachoniuliza.

Nilirudi kwa Leni nikashika kiti chake, nikamuuliza, "Ile mikono ya stelingi ya gari la pua fupi, uliifahamu?"

"Naam," akasema. "Tuliibadilisha kiangazi kizima pale uani. Foleni ilifika barabarani."

"Na magari yaliyokuwa yameshapanda meli?"

"Waliandikiwa walionunua magari mapya."

"Baba yangu alinunua kwa shamba la mkonge."

"Basi barua ilifika shambani. Au haikufika." Akawa anatazama magoti yake. "Tuliuliza, Naomi. Mimi mwenyewe nilimuuliza msimamizi, na yale ya mbali? Akasema, huko watu wanaendesha polepole."

Polepole, Baba.

Siku hiyo yote niliona ile kona mlipoangukia. Wewe hukuwahi kutusimulia. Nilichonacho ni yale niliyosikia nikiwa nimejibanza nyuma ya Mama mahakamani. Mlikuwa mnashuka Korogwe asubuhi, umande haujakauka. Mama Salome, mke wa mzee Shekiondo, amekaa mbele pembeni yako, anakwenda kununua vitambaa vya sare za kwaya. Waliokaa nyuma waliruka. Yeye hakuwahi. Wewe goti likavunjika, na ulipotolewa korongoni ulikuwa bado unaliita jina lake.

Ulisimama kizimbani na gongo, ukasema, "Nilisikia mlio kama ukuni umevunjika, usukani ukaniacha." Wakacheka. Nakumbuka walivyocheka. Yule fundi waliyemleta akasema gari lilikuwa zima kabla ya kuanguka. Trafiki akasema ni mwendo kasi. Wewe, mwendo kasi! Wakakufunga. Ulipotoka hukuweza kuwatazama watu wa Vugiri, na Shekiondo akapita karibu nawe njiani bila kujibu salamu yako, mbele yangu mimi mtoto. Ndipo tukafunga virago tukahamia Handeni, mahali ambapo hakuna aliyejua kwamba uliwahi kushika usukani. Tangu hapo hukukaa tena kiti cha mbele cha gari lolote. Alipofariki shangazi Debora, dada yako wa tumbo moja, uliishia stendi ya Korogwe. Ulikaa pale ukatungoja tumzike, tushuke, tukusimulie.

Na kuna jambo jingine ambalo nililiona likitokea taratibu. Mwanzoni ulisema "usukani uliniacha." Ulipotoka kifungoni ukasema "nadhani usukani uliniacha." Siku ya harusi ya Amosi nilikusikia ukimwambia baba mkwe wake, "Labda nilikuwa nawaza mambo mengine." Walikunyang'anya leseni, wakakunyang'anya mlima wa kwenu, na mwisho wakakunyang'anya hata kile ulichokisikia kwa masikio yako mwenyewe.

Asubuhi iliyofuata ule mkutano nilimwogesha Leni kama kawaida. Nilimsugua mgongo, nikamkausha katikati ya vidole vya miguu. Alisema, "Pole, Naomi." Nikamwambia ainue mkono. Ni mzee asiyeweza kusimama, na alikuwa amemuuliza msimamizi, jambo ambalo wengi hawakulifanya. Lakini uji sasa tunakula kimya. Historia ya Jogoo imeisha.

Bado kuna la makumbusho, nalo nikueleze, maana limenikera kuliko yote. Yule mwalimu mstaafu alimwambia mama mmoja msimamizi wa makumbusho kwamba kuna binti wa dereva wa Tanzania hapa mjini. Mama huyo akanitafuta, akasema wanaandaa ukuta kuhusu Jogoo duniani kote, akaomba nimpe habari zako. Nikaona huu ndio mlango. Nilikaa naye mchana mzima, nikamweleza yote: mlima, Shangazi, mkono wa stelingi, Mama Salome, kifungo, Handeni. Alilia. Alinishika mikono. Akasema ulimwengu lazima usikie.

Siku ya ufunguzi nilivaa gauni langu la kitenge, nikaenda na Grace. Ukutani kulikuwa na picha kubwa ya milima, wala si ya kwetu, na chini yake maneno haya tu: "Baba yangu alilipenda gari hili kuliko kitu chochote. Binti wa dereva, Tanzania."

Hayo tu.

Nikamfuata yule mama. "Yale mengine yako wapi?"

"Wadhamini waliona ni mazito kidogo kwa familia zinazokuja na watoto," akasema. "Lakini hili ni zuri sana. Na ni kweli, si ndiyo? Wewe mwenyewe ulisema alilipenda."

Ni kweli nilisema. Hapo ndipo panaponiuma, kwamba wamechukua neno la kweli kutoka kinywani mwangu na kulifanya uongo. Nililing'oa lile bango, Baba. Halikuwa zito, lilikuwa limebandikwa kwa gundi tu. Watu walisimama na glasi zao wakanitazama. Mlinzi akaja, akanisindikiza nje kwa adabu, akasema nisirudi. Grace alinibebea mkoba. Sikulia mpaka nilipofika nyumbani, na hata hapo ni hasira.

Sasa nafika kwenye lile lililonifanya nishike kalamu.

Nilimwomba Amosi anitafutie namba ya mzee Shekiondo, akaipata kwa mjukuu wake anayefanya biashara Korogwe. Usimgombeze Amosi, nilimlazimisha. Nikapiga Jumapili baada ya ibada.

"Shikamoo, mzee. Ni Naomi, binti wa Elia dereva."

"Marahaba," akasema. Akaniuliza niko wapi, kama nimeolewa, kama huko wanakula ugali. Aliongea nami Kishambaa, polepole, kama mtu anayeongea na mtoto wake. Nikashindwa kuvumilia, nikamkatiza.

"Mzee, ule mkono wa stelingi ulikatika. Magari yale yalitoka kiwandani na ubovu huo. Halikuwa kosa la baba."

"Najua," akasema.

"Unajua?"

"Nilishuka korongoni mwenyewe kumtoa mke wangu. Nilikiona kile chuma. Kilikuwa kimekatika kama muhogo, ndani kina kutu ya siku nyingi."

"Mbona hukusema mahakamani, mzee?"

"Ningesema, halafu nimkasirikie nani?" Alikohoa kwa muda. "Waliokiunda sikuwajua, wala sitawaona mpaka nakufa. Baba yako nilikuwa namwona. Alikuwa hai, na Salome hayupo. Nikasema moyoni, hasira ikipoa nitasema. Haikupoa. Ilipopoa, mmeshahama, nikaona aibu."

Sikumtukana. Nilitaka kumtukana, maneno yalishafika ulimini, lakini nilisikia pumzi yake inavyokoroma kifuani.

Akasema, "Usimwambie Elia. Ngoja kwanza nife."

"Mzee," nikamwambia, "baba yangu naye ni mzee. Hamwezi wote wawili kutangulia. Mimi namwambia."

Akakata simu bila kuaga.

Basi nimekuambia. Ulisikia mlio kama ukuni, na mlio ulikuwepo. Usukani ulikuacha. Hukusinzia, hukuwaza mambo mengine, hukukimbiza gari. Asiwepo mtu wa kukuambia "labda" tena, na wewe usijiambie.

Juzi Amosi alinipigia. Yule mjukuu amemuuliza kama Elia bado anakaa ile nyumba ya karibu na mnada, na kama basi la asubuhi kutoka Korogwe linafika Handeni kabla ya jua kuwa kali, maana babu yake hawezi jua. Hakueleza zaidi.

Kwa hiyo huenda akaja. Nakujua, Baba. Utampokea fimbo, utamwita Mama alete maji, na kabla hajafungua kinywa utasema yameisha. Nakuomba jambo moja tu, mimi binti yako. Mpe kiti, mpe maji, mpe kivuli, maana ni mzee na ametoka mbali. Lakini usiseme yameisha. Mwache yeye aongee kwanza. Mwache aseme yote, mbele ya Mama, mbele ya Amosi, mbele ya majirani kama wapo, kile alichokiona korongoni. Akinyamaza, nawe nyamaza. Umenyamaza miaka mingi kwa ajili yake, mchana mmoja hautakushinda. Baada ya hapo fanya moyo wako unavyotaka.

Mimi huku sijamsamehe mtu, wala kiwanda, wala wale waliocheka mahakamani, wala mzee mwenyewe. Mchungaji akija hapo asiniombee hilo bado. Aniombee baridi ya huku ipungue.

Nisalimie Mama, mwambie gauni alilonishonea ndilo nililovaa siku ile ya kung'oa bango, na halikuchanika. Nisalimie Amosi na mkewe, na yule mdogo wao ambaye bado sijamwona kwa macho. Msalimie mama Zuhura, jirani yetu, aliyetupa jiko na bada ya muhogo ile siku ya kwanza tulipofika Handeni bila kutuuliza tumetoka wapi wala tumekimbia nini. Mbuzi naye mpe salamu, lakini dawa ni yako.

Wenu, mwenye afya njema na hasira nyingi,

Naomi